Programu inatoa kadi za matengenezo kinga kila wiki, lakini mashine bado zinagoma: tupange vipi?

Fundi wa Hospitali, Iringa

Habari zenu ndugu zangu wa fani ya ufundi na uhandisi. Naomba ushauri wa kina katika jambo linalotusumbua kazini.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba katika hospitali ya wilaya. Tupo mafundi watatu, na tunahudumia vifaa zaidi ya 400, kuanzia jenereta, pampu ya kisima na mashine ya mvuke ya kutakasia vifaa vya upasuaji, hadi konsentreta za oksijeni (mashine zinazochuja oksijeni kutoka hewani), mashine za kufyonza, mizani na vipima shinikizo la damu. Mwaka jana tulifungiwa programu ya usimamizi wa mali, na kwa kweli ina mambo mengi mazuri: kila kifaa kina namba yake, mahali kilipo, tarehe kiliponunuliwa na historia yake. Tatizo lipo upande wa matengenezo kinga, yaani yale ya kuhudumia kifaa kabla hakijaharibika. Waliokuja kuifunga waliweka mzunguko mmoja wa miezi mitatu kwa vifaa vyote, na tangu hapo kila Jumatatu inatoa rundo la kadi za kazi ambalo watu watatu hawawezi kulimaliza huku wakiitwa wodini kwa dharura. Matokeo yake kadi zinafungwa ili ripoti ya mwezi isionekane nyekundu, na kwenye karatasi tunaonekana tumetekeleza karibu kila kitu.

Kipindi cha mvua umeme ulikatika usiku mama akiwa mezani chumba cha upasuaji, na jenereta ikagoma kuwaka kwa sababu betri ilikuwa imekufa. Kadi ya jenereta hiyo ilikuwa imefungwa wiki iliyotangulia kwa neno moja tu: "Imekaguliwa." Mama na mtoto walitoka salama, kwa kuwa daktari na wauguzi waliendelea kwa mwanga wa tochi, lakini hali ile haifai kujirudia.

Ninachoomba kufahamu ni hiki: ni kwa msingi gani tuchague vifaa vya kuingia kwenye mpango na vya kuachwa nje, mizunguko ipangwe kwa kufuata nini, na uongozi tuuelezeje ili ununue vipuri kabla mashine haijalala?

Mhandisi wa Vifaa Tiba, Mwanza

Ndugu Fundi, poleni sana kwa tukio hilo. Kabla ya kugusa mizunguko, ningeanza na orodha yenyewe, kwa sababu mpango unaovipa vifaa 400 uzito uleule hauwezi kukuambia Jumatatu asubuhi uanze na kipi.

Ipo njia ya kuvipa vifaa alama iliyopendekezwa na wataalamu wa vifaa tiba Fennigkoh na Smith mwaka 1989, na Shirika la Afya Duniani likaieleza katika mwongozo wake wa matengenezo ya vifaa tiba wa mwaka 2011. Kila kifaa hupewa alama za kazi yake, kuanzia 2 hadi 10, ambapo 10 ni cha kuokoa maisha. Alama za madhara kikifeli, kuanzia 1 hadi 5, ambapo 5 ni mgonjwa kuweza kufariki. Na alama za mahitaji ya matengenezo, kuanzia 1 hadi 5. Mwongozo wa 2011 unaongeza historia ya hitilafu: kifaa kinachoharibika zaidi ya mara moja katika miezi 6 huongezewa 2, na kile ambacho hakijasumbua kwa zaidi ya miezi 30 hupunguziwa 2. Kikifikisha 12 na kuendelea kinaingia kwenye mpango, na kikiwa chini ya hapo kinatengenezwa kinapoharibika. Ventileta, yaani mashine ya kumpumulia mgonjwa, hupata 10, 5 na 5, yaani 20 kamili. Kwa marudio, vyenye alama 4 au 5 za mahitaji ya matengenezo hukaguliwa kila baada ya miezi 6, na vyenye 3 kushuka chini mara moja kwa mwaka, ila vyenye jumla kubwa hukaguliwa mara nyingi zaidi ya hapo. Linganisha na miezi mitatu mliyowekewa, utaona ni kazi kiasi gani mnayobebeshwa bila sababu.

Hata hivyo, hesabu hiyo isitumike kwa macho yaliyofumbwa. Mizani ya kliniki ya watoto inaweza kupata 6 kama kifaa cha uchunguzi, 3 kwa kuwa kosa lake huleta tiba isiyo sahihi, na 2 za matengenezo. Jumla 11, kwa hiyo inaachwa nje. Mimi ningeiingiza bila kusita, maana dozi ya mtoto hupigwa kwa kilo, na kuihakiki kwa mawe ya uzito unaojulikana ni kazi ya dakika chache. Jambo zito zaidi ni kwamba njia hii ilitungwa kwa ajili ya vifaa vinavyomgusa mgonjwa. Jenereta, pampu ya kisima na mfumo wa mvuke havimo, ilhali ndivyo vinavyobeba hospitali nzima. Hivyo viwekeni juu ya orodha kwa uamuzi wenu wenyewe, na uamuzi huo uandikwe na kusainiwa na mganga mfawidhi.

Msimamizi wa Karakana, Kericho

Nimesoma kwa makini, na ninaongezea kutoka upande wa kiwanda, kwa kuwa ninasimamia karakana ya kiwanda cha majani chai, na mashine hazijui zimefungwa hospitalini au kiwandani.

Mhandisi wa Mwanza ameeleza vizuri kifaa kipi kiingie. Swali linalofuata ni lile ambalo watu wengi hulivuka, yaani kila mashine hufeli kwa njia gani. Mwaka 1978 Nowlan na Heap, wahandisi wa shirika la ndege la United Airlines, waliandika ripoti kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, wakionyesha kwamba kati ya vipande vya ndege walivyochunguza, ni asilimia 11 tu vilivyokuwa na dalili ya kuchakaa kadiri umri unavyosonga. Asilimia 68 vilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufeli vikiwa vipya au mara tu baada ya kufunguliwa na kufungwa tena, kisha hatari ikashuka na kubaki palepale. Takwimu hizo ni za ndege, na pampu ya kisima inayosukuma maji yenye mchanga itachakaa kwa umri bila shaka yoyote. Lakini funzo kwa mpangaji ni zito: kufungua mashine nzima kwa sababu kalenda imefika kunaweza kukaleta hitilafu ambayo haikuwepo. Sili inakaa upande, boliti inakazwa nusu, beringi iliyokuwa nzima inajazwa grisi kupita kiasi mpaka inachemka.

Kwa sababu hiyo mimi hugawa kazi kwa namna tatu. Zipo zinazofuata saa za mashine kufanya kazi: roli za mashine zetu za kukatia majani hunolewa hivyo, na oili ya jenereta pia, kwa kuwa vitabu vingi vya watengenezaji husema saa 250, pamoja na ukomo wa muda hata kama saa hizo hazijatimia. Zipo zinazofuata kalenda, na betri ni mfano bora, maana yenyewe huzeeka kwa miaka na kwa joto hata jenereta isipowashwa kabisa. Halafu zipo zinazofuata hali, ambazo ndizo nyingi: hugusi kitu mpaka kipimo kikuambie. Beringi ya mota huanza kuonyesha mtetemo muda mrefu kabla haijafa, baadaye sauti, na joto likishasikika kwa kiganja muda uliobaki huwa mfupi. Pima ule muda kati ya dalili ya kwanza na kufeli, kisha ukague kwa nusu yake au pungufu. Ikiwa dalili hutangulia kwa wiki nane, kukagua kila baada ya miezi mitatu kutakukosesha, na kukagua kila siku kunawapotezea mafundi muda.

Kuhusu betri iliyowaangusha: betri ya asidi ya volti 12 ikiwa imejaa na imepumzika husoma takriban 12.6, na ikisoma 12.2 imebaki nusu. Tahadhari ni kwamba jenereta ya akiba huwa na chaja inayoichaji betri wakati wote, kwa hiyo ukiweka mita bila kuzima chaja utasoma zaidi ya 13 na kuridhika na betri mbovu. Kipimo cha kuaminika ni volti wakati wa kupiga stata. Ikishuka chini ya 9.6, betri hiyo ibadilishwe hata kama injini imewaka.

Fundi wa Hospitali, Iringa

Ninawashukuru sana wakuu, hasa kwa suala la chaja, kwa sababu kwetu mita husoma zaidi ya 13 kila tunapopima.

Nina maswali mawili yanayotokana na maelezo yenu. Kwanza, programu yetu inajua tarehe tu, haina sehemu ya kuzalisha kadi kwa saa za mashine. Pili, hata tukipunguza vifaa, tutazuiaje tabia ya kufunga kadi bila kazi kufanyika? Mafundi wenzangu si wavivu. Wakiwa na kadi nyingi kuliko saa za wiki, wataandika chochote.

Mpangaji wa Matengenezo, Tanga

Ndugu yangu, umeligusa jambo lenyewe. Ninapanga matengenezo ya vituo vya kusukumia maji, na programu kama hiyo ndiyo ninayokaa nayo kutwa.

Fanya hesabu hii mbele ya uongozi wako. Vifaa 400 mara nne kwa mwaka ni kadi 1,600, yaani takriban 31 kwa wiki. Kila kadi ikichukua saa moja na nusu, pamoja na kutembea wodini, kusubiri mgonjwa aondolewe kwenye kifaa na kuandika, mnahitaji saa 46 hivi kila wiki. Mafundi watatu wana saa 120, na sehemu kubwa ya hizo huliwa na dharura, likizo, safari za kufuata vipuri na vikao. Ukiweza kutenga theluthi moja, yaani saa 40, kwa ajili ya matengenezo kinga, umefanya vizuri. Mpango wenu ulikuwa hautekelezeki tangu siku ulipoingizwa, na programu haikuwa na namna ya kulijua hilo kwa sababu hakuna aliyeiambia mna watu wangapi. Kila kadi iwekewe makadirio ya muda, na jumla ya wiki isizidi saa mlizonazo. Ikizidi, punguza kazi kutoka chini ya orodha yenu ya alama, na usipunguze ubora wa kazi zilizo juu.

Suala la saa lina njia rahisi. Tengeneza kadi fupi ya kila wiki ya kusoma mita ya saa ya jenereta na ya pampu, namba hiyo iingizwe kwenye rekodi ya kifaa, na ikibaki takriban saa 25 kufika kikomo fundi afungue kadi ya oili yeye mwenyewe. Angalia pia kama mzunguko unahesabiwa kuanzia tarehe iliyopangwa au tarehe kazi ilipokamilika, kwani programu nyingi zinaruhusu vyote viwili. Kwa uhakiki wa kisheria tumia tarehe iliyopangwa. Kwa kubadilisha filta tumia tarehe ya kukamilika, ili filta iliyobadilishwa kwa kuchelewa isije ikadaiwa tena baada ya siku chache. Na kadi ya mwaka inapotoka, ifute ya mwezi huo, vinginevyo fundi atakuwa na kadi mbili za kazi ileile.

Sasa kuhusu kufunga kadi bila kazi. Ondoeni neno "Imekaguliwa" kabisa. Mahali pake pawe na kisanduku kinachodai namba: volti wakati wa stata, joto la maji ya rejeta, shinikizo la oili, ampia (kiasi cha umeme unaovutwa) za kila fezi, yaani kila waya wa umeme wa mota ya pampu. Namba humlazimisha mtu kwenda kwenye mashine, na zaidi ya hapo hukupa mwelekeo. Ampia za pampu zikipanda taratibu mwezi hadi mwezi, una nafasi ya kuivua kisimani kabla haijaungua. Wakati huohuo msipimwe kwa asilimia ya kadi zilizofungwa, maana kipimo hicho ndicho kilichowafikisha hapo. Pimeni ni sehemu gani ya kazi zote za mwezi ilikuwa ya dharura, na ni vifaa vipi vilivyorudi karakana kwa hitilafu ileile. Kila hitilafu iandikwe kwa mambo matatu yaliyochaguliwa kutoka kwenye orodha: kilichoonekana, chanzo, na kilichofanyika. "Mashine mbovu, imetengenezwa" haiwezi kuhesabiwa na mtu yeyote mwishoni mwa mwaka.

Kuhusu vipuri, usiende kwa uongozi na orodha ndefu. Chagua mashine moja, kwa mfano ile ya mvuke, na uonyeshe kipuri chake kinachojulikana kuchakaa, yaani mpira wa mlango. Andika bei yake, muda unaochukua kufika tangu kuagizwa, na operesheni ngapi zinazoahirishwa katika muda huo mvuke ukivuja. Muda wa kusubiri ndio unaoamua kipuri kipi kikae stoo. Kitu kinachopatikana mjini siku ileile kiacheni dukani. Kinachoagizwa nje kwa miezi kadhaa, na bila chenyewe chumba cha upasuaji kinafungwa, kikae kwenye rafu hata kama kitakaa miaka miwili, na kifungwe na namba ya mashine yake ndani ya programu ili mtunza stoo asikione kama bidhaa iliyolala. Viwango vya kimataifa vya usimamizi wa mali, ISO 55000, vya mwaka 2014 na kuhuishwa mwaka 2024, vinataka maamuzi ya mali yatokane na hatari na thamani, na mkaguzi anayevifahamu atakuelewa.

Muuguzi Kiongozi, Unguja

Samahanini mafundi, naingia kama mtumiaji wa vifaa hivyo, kwa sababu katika mazungumzo yote wodi imetajwa kama mahali pa kupita tu.

Sehemu kubwa ya kinga haihitaji fundi. Kwetu kisiwani hewa ina unyevu na chumvi, na unyevu ni adui wa zeolaiti, yaani chembechembe za madini zilizomo ndani ya konsentreta ya oksijeni, ambayo ndiyo inayozuia naitrojeni na kuruhusu oksijeni ipite. Filta ya nje ikiziba vumbi, mashine hupata joto na kompresa hufanya kazi kwa shida. Wauguzi wetu huitoa kila wiki, wakaiosha kwa maji na sabuni laini, na hairudishwi mpaka imekauka kabisa, kwa hiyo kila mashine ina filta mbili zinazopokezana. Mashine husogezwa mbali na ukuta na pazia ili ivute hewa. Haya yote yameandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye mashine, yenye nafasi ya saini ya zamu, na fundi huyakagua anapopita.

Kaka Fundi, kazi yako kwenye konsentreta iwe ile tusiyoiweza, yaani kupima usafi wa oksijeni kwa kipimo chake. Inayofanya kazi vizuri hutoa karibu asilimia 93, na ikishuka chini ya 82 haifai kumwekea mgonjwa, ingawa inaunguruma na kutoa povu kwenye chupa kama kawaida. Muuguzi hawezi kuyaona mabadiliko hayo kwa macho. Hiyo ndiyo kadi ninayoomba isikosekane, hata wiki ambayo mmezidiwa.

Na jambo moja zaidi: mkiona kifaa kinahitaji kutolewa wodini kwa matengenezo, tuambieni siku mbili kabla. Kadi nyingi "hazikufanyika" kwa sababu fundi alifika mtoto akiwa juu ya mashine.

Fundi wa Hospitali, Iringa

Dada Muuguzi, nimekuelewa, na tutaanza na karatasi hizo wodi ya watoto kwa kuwa msimamizi wake ni mtu wa kufuatilia.

Nimekaa na wenzangu jioni hii. Tumeamua kusimamisha mzunguko wa miezi mitatu, kuvipa vifaa alama, na kuweka jenereta, pampu na mashine ya mvuke juu kabisa. Kadi ya kwanza kuandikwa upya ni ya jenereta. Msimamizi wa Kericho, kama hutajali, naomba unieleze kadi yako ya kila wiki inauliza nini, na jaribio lifanyike likiwa na mzigo au bila mzigo.

Msimamizi wa Karakana, Kericho

Bila shaka, ndugu. Kadi yetu huanza mashine ikiwa imezimwa: kiwango cha oili na cha maji ya rejeta, kiasi cha dizeli kwenye tangi kwa lita, na kufungua kizibo cha chini cha filta ya dizeli ili kuona kama kuna maji. Maji yakitoka, fundi anaandika kiasi, kwa kuwa yakizidi wiki hadi wiki chanzo kipo kwenye tangi. Kisha chaja ya betri inazimwa, stata inapigwa, na volti ya chini kabisa inaandikwa. Baada ya kuwaka, anasubiri injini ipate joto na kuandika shinikizo la oili, joto la maji, volti na masafa ya umeme (hezi), halafu namba ya mita ya saa.

Kuhusu mzigo, usiizoeze kuwashwa dakika tano bila kazi. Dizeli ambayo haikuungua hujikusanya kwenye ekzosi na injini haifiki joto lake, na kwa miezi inaharibika kwa sababu ya majaribio yenyewe. Kiwango cha Marekani cha mitambo ya umeme wa dharura, NFPA 110, kinataka angalau mara moja kwa mwezi ifanye kazi dakika 30 kwa mzigo usiopungua asilimia 30 ya uwezo wake. Panga siku hiyo na chumba cha upasuaji, ukate umeme wa gridi kwenye swichi kuu, na uache jenereta ichukue hospitali yenyewe, ili swichi ya kubadilisha umeme nayo ijaribiwe. Jenereta inaweza kuwaka vizuri na bado wodi zikabaki gizani kwa sababu kontakta, yaani swichi ya sumaku iliyo ndani yake, haikuvuta.

Mstari wa mwisho wa kadi ninakuomba usiuache kwa namna yoyote. Wakati wa jaribio fundi huiweka swichi ya kuwashia kwenye mkono au kwenye kuzima, na akiitwa ghafla kabla hajairudisha, jenereta nzima na yenye betri mpya haitawaka umeme ukikatika. Kadi yetu inamtaka aandike kwamba swichi ipo kwenye otomatiki na chaja imewashwa, pamoja na saa aliyoziangalia, na fundi wa zamu inayofuata aangalie na kutia saini yake kando.